Kionga ni ya nani? Bibi kaniuliza, nikaenda kutafuta

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea zaidi ya mwezi, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimediskoo. Sijadiskoo. Mitihani ilipita, boom liliingia na likaisha kama kawaida yake, maisha yanaendelea. Leo lakini sina stori za foleni ya cafeteria wala za rumumeti wangu anayekoroma. Leo ni historia, tena ndefu, kwa hiyo asiye na muda aseme mapema, mwenye muda atafute chai na kitumbua.

Likizo nilikuwa nyumbani, Kilambo. Kwa wasiojua (na mko wengi, mnadhani Tanzania inaishia Kibiti), Kilambo iko kusini kabisa. Ukitoka Mtwara mjini huendi hata kilomita 50 umefika mtoni. Mto ndio Ruvuma, na ng'ambo ya mto ndio Msumbiji. Watu wanaijua Kilambo kama pa kuvukia tu: pantoni, mitumbwi, vijana wa bodaboda, watu wa uhamiaji, na mchanga unaotokeza katikati ya mto kama mgongo wa kiboko maji yakipungua. Ukisimama pale ukiangalia kusini na mashariki unaona mikoko, unaona mpunga, unaona moshi. Nyuma ya mikoko ile, kuelekea baharini, kuna kijiji kinaitwa Kionga. Wareno wanaandika Quionga, kwa sababu Mreno hawezi kuacha herufi ikae kwa amani.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kionga. Alivuka akiwa binti mdogo, wakati wa vita ya Mreno iliyoanza mwaka 1964, akaolewa upande huu, akazaa upande huu, kitambulisho chake ni cha Tanzania. Lakini shamba la minazi la mjomba wake liko kule kule, na miaka yote niliyokuwa nakua bibi alikuwa anavuka kwenda kuangua nazi na kurudi na magunia. Tangu Palma iliposhambuliwa Machi 2021 hajavuka tena. Ndugu zetu wa Kionga walikimbia, wengine wamerudi, na aliyerudi mmoja, mtoto wa dada yake bibi, akatuma ujumbe kwamba watu wanaandikisha mashamba, kila mtu anaulizwa ushahidi.

Basi nafika tu, begi bado liko begani:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda hivi, huko chuo hawakupi kula?"

"Wanatupa bibi, ila tunasoma sana."

"Unasoma nini?"

"Historia."

Akaniangalia kama vile nimemwambia nasomea usingizi. Halafu akasema, "Basi vizuri. Nitafutie karatasi ya Kionga."

"Karatasi gani bibi?"

"Ya kuonyesha ni ya nani."

Mimi kwa ujinga wangu nikajibu, "Hiyo rahisi." Nikarudi Mlimani, nikaingia maktaba, na kumbe nilikuwa nimejitwisha gunia la misumari. Karatasi za Kionga zipo, tena nyingi. Kipande kile kidogo cha ardhi, pembetatu yenye bahari upande mmoja, mto upande mwingine na mstari wa kalamu upande wa tatu, kimeandikiwa karatasi kuliko wilaya nzima za nchi hii. Wajerumani walikiita kabisa Pembetatu ya Kionga. Ngoja niwapitishe kwa wenyewe, mmoja mmoja.

Tuanze na mwenyewe wa kwanza, ambaye hana karatasi. Wamakonde wa bara yake walikuwa na utaratibu unaoeleweka: mtu anakwenda porini na watu wake, anafyeka, anajenga, na yeye anakuwa mkulungwa wa pale. Eneo lake linaitwa chilambo. Sikilizeni hilo neno tena, halafu msome jina la kijiji chetu. Mkulungwa hakuwa anauza ardhi. Alikuwa anakaribisha watu, anawaonyesha pa kulima, na akifa anarithiwa na mtoto wa dada yake, siyo na mtoto wake. Ndiyo maana shamba la bibi ni la "mjomba" na siyo la "baba". Pwani kwenyewe, kwa Wamakwe na Waswahili wa Tungi na Kionga, kulikuwa na mashehe na wenye majumba, kulikuwa na bahari, majahazi, na biashara zote za bahari ile ikiwemo ile mbaya ya kuuza watu.

Sasa karatasi. Ya zamani kabisa niliyokutana nayo ni ya mwaka 1822, mkataba wa nahodha Mwingereza, Moresby, na Seyyid Said wa Oman, kuhusu kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Mle ndani wakachora mstari baharini unaoanzia Rasi ya Delgado kwenda mpaka India. Yaani rasi ile iliyo kusini kidogo tu ya Kionga ikawa alama: huku kwa Sultani, kule kwa Mreno. Mreno hakuwepo wakati mstari unachorwa. Hiyo tabia ya kuchora mstari mwenzako hayupo mtaizoea kabla hatujamaliza.

Kwa hiyo miaka ya kati kati ya karne ile mwenye Kionga, kwa karatasi, ni Sultani wa Zanzibar. Mreno anabisha, anasema ya kwake inafika mpaka Ruvuma. Wanabishana, wanaandikiana barua, minazi inaota.

Halafu unakuja mwaka 1886, na hapa naomba mweke chai chini. Wazungu waliunda tume ya kupima mali ya Sultani Barghash pwani: Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Matokeo yake, mwishoni mwa Oktoba na tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani wakakubaliana kwamba Sultani ni mwenye pwani kuanzia mto Miningani, kwenye ghuba ya Tungi, mpaka Kipini huko Kenya ya leo, upana wa maili 10 za baharini kuingia ndani. Tungi ndiyo Palma ya leo. Miningani iko kusini ya Kionga. Kwa hiyo Kionga ni ya Sultani, Mjerumani ametia sahihi.

Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Desemba 1886, Mjerumani huyo huyo akatia sahihi karatasi nyingine na Ureno. Hii inasema mpaka kati ya Mjerumani na Mreno ni mto Ruvuma, kuanzia mdomoni mwake mpaka unapokutana na mto Msinje, halafu kwenda ziwa Nyasa. Kusini ya Ruvuma ni upande wa Mreno. Kionga iko kusini ya Ruvuma.

Mmeona? Ndani ya miezi miwili mtu mmoja ameandika kwamba ng'ombe ni wa Juma, halafu akaandika kwamba ng'ombe ni wa Asha, na karatasi zote mbili anazitunza kabatini kwake. Mimi nilizisoma mara tatu nikidhani nimekosea tarehe.

Mreno hakusubiri. Gavana mkuu wake wa Msumbiji, Augusto de Castilho, alikuja Zanzibar mwenyewe kudai, akampa Sultani muda mfupi wa kujibu, na Barghash alipogoma, Februari 1887 manowari za Kireno zikaipiga Tungi kwa mizinga, na Miningani nayo. Wakaikamata na meli ya Sultani, ikiitwa Kilwa. Waingereza na Wajerumani, waliokuwa wametoka tu kumhakikishia Sultani kwamba mpaka Miningani ni pake, walilalamika kwa karatasi. Barghash akafa Machi 1888. Tungi ilishaenda.

Sasa Mjerumani. Mwaka 1888 kampuni yao ilikodishwa pwani na Sultani mpya. Mnakumbuka kilichotokea, tulisoma sekondari: Abushiri kaskazini, na huku kwetu Lindi na Mikindani mawakala wa kampuni wakafukuzwa, mwezi Septemba 1888. Baada ya vita serikali ya Ujerumani ikaona kukodi ni usumbufu, bora kununua. Mwaka 1890 wakakubaliana kumlipa Sultani mark milioni 4, na tarehe 1 Januari 1891 pwani ikawa yao rasmi.

Mark milioni 4 kwa pwani nzima. Ndiyo, na Mikindani imo mle, na Lindi, na Bagamoyo, na Dar es Salaam yenyewe ambapo mimi naandika haya. Sijui kama kuna mtu wa pwani hiyo alipata hata senti. Hapana, nafuta hilo, najua kabisa: aliyelipwa ni Sultani.

Na hapo ndipo Mjerumani akakumbuka ile karatasi ya kwanza. Mwaka 1894 akamwambia Mreno hivi: sisi tumenunua mali ya Sultani, na mali ya Sultani ilifika kusini ya Ruvuma, kwa hiyo Kionga tumeinunua. Akapeleka bendera. Mreno akapiga kelele, akatoa ile karatasi ya Desemba 1886 inayosema Ruvuma. Lakini Mreno wa miaka ile hakuwa na nguvu ya kugombana na Berlin, na mwaka huo huo wakakubaliana mpaka upite kwenye latitudo ya digrii 10 na dakika 40 kusini, kutoka baharini mpaka inapoukata mto. Ndiyo ule upande wa tatu wa pembetatu niliowaambia, mstari wa kalamu. Haufuati kijito, haufuati kilima, haufuati chochote ambacho mtu mwenye jembe anaweza kukiona.

Kuna kitu hapa kilinikaa kichwani wiki nzima. Hati ya Mjerumani juu ya Kionga ilitoka kwa Sultani, ambaye Mjerumani mwenyewe alikuwa amemwacha apigwe mizinga. Yaani humtetei jirani yako anaponyang'anywa shamba, halafu miaka michache baadaye unakwenda kwa mnyang'anyi unamwambia, rudisha, mimi nimelinunua kwa jirani. Mwalimu wetu mmoja nilipomwelezea hivi akacheka, akasema hiyo ndiyo diplomasia, nenda kaandike.

Kusini ya mstari ule, upande wa Mreno, mambo hayakuwa na heshima zaidi. Tangu 1891 Ureno ilikuwa imeiachia kampuni ya biashara, Kampuni ya Niassa, eneo lote la Cabo Delgado na Niassa litawaliwe kama duka. Kodi inakusanywa na kampuni, watu wanapelekwa kazini na kampuni. Na kampuni ina hisa, na hisa zinauzwa Ulaya. Mwaka 1914, kabla ya vita, mabenki ya Kijerumani yakanunua hisa nyingi kuliko wote. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa Mjerumani alikuwa na Kionga kwa bendera na alikuwa na Cabo Delgado karibu nzima kwa hisa, bila mtu wa Palma kujua kwamba ameuzwa tena. Vita ilipoanza Waingereza wakazitaifisha hizo hisa. Kampuni yenyewe ilikuja kufungwa mwaka 1929. Nawaambia hili kama nyongeza tu, ila watu wa biashara mlio kule kitivoni kwenu mtafurahi.

Vita yenyewe. Machi 1916 Ujerumani ikatangaza vita na Ureno. Tarehe 10 Aprili 1916 Wareno wakaingia Kionga, na Wajerumani walikuwa wameshaondoka, wamevuka mto. Hakukuwa na vita ya maana. Lakini Lisbon walishangilia kama wamechukua Berlin, na msicheke, wakatoa na stempu. Walichukua stempu za Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, wakazigonga juu neno KIONGA na bei mpya. Aina nne. Wakusanyaji wa stempu duniani wanazijua mpaka leo, kuna watu Ulaya wanaijua Kionga kwa sababu ya kijikaratasi cha ukubwa wa kucha na hawajui kama kuna minazi.

Baada ya hapo Wareno wakataka na upande wetu. Mei 1916 walijaribu kuvuka Ruvuma karibu na mdomo wake wakapigwa vibaya majini. Septemba wakavuka na jeshi kubwa chini ya Jenerali Ferreira Gil, wakafika mpaka Newala, na Novemba walikuwa wanarudi mbio. Mwaka uliofuata Lettow-Vorbeck naye akavuka kwenda kusini, tarehe 25 Novemba 1917 kule Negomano, akawapiga Wareno, akachukua bunduki zao na chakula chao, na kuendelea. Wapagazi wa majeshi haya yote ni akina nani, mnajua. Bibi alisimuliwa na mjomba wake kwamba miaka ile watu walilala kwenye mikoko, na kwamba ukisikia buti huulizi ni za nani.

Sasa karatasi ambayo ndiyo niliitafuta kwa hamu. Mkataba wa Versailles ulisainiwa tarehe 28 Juni 1919, na kifungu cha 119 kikamvua Mjerumani makoloni yote. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza. Ureno ikaomba makubwa zaidi, ikapewa Kionga. Lakini tazameni ilivyopewa. Baraza Kuu la washindi, tarehe 25 Septemba 1919, halikusema "tunawapa". Lilisema linaitambua Ureno kuwa mmiliki wa asili na halali wa eneo lile la kusini ya Ruvuma.

Wa asili!

Nilipoisoma hiyo nilisimama, nikatoka nje ya maktaba, nikaenda kununua maji. Mwaka 1822 Delgado ni mwisho wa Sultani. Novemba 1886 mwenyewe ni Sultani. 1894 mwenyewe ni Mjerumani kwa sababu alinunua kwa Sultani. Na 1919, Waingereza wale wale ambao sahihi yao ipo kwenye karatasi ya Sultani, wakiwa wamekaa Paris, wanasema asili ni ya Mreno. Sikatai kwamba Mreno alikuwa na hoja, ile karatasi ya Desemba 1886 ilikuwa wazi kabisa na Mjerumani aliivunja. Kama ningekuwa hakimu kati ya Mjerumani na Mreno peke yao ningempa Mreno, bila kusita. Lakini asili? Neno hilo lina mtu wake, na mtu wake alikuwa amelala kwenye mikoko.

Toka hapo mpaka umerudi mtoni na haujaondoka tena. Mwaka 1936 na 1937 Mwingereza na Mreno waliandikiana barua za kunyoosha mambo ya mkondo na visiwa vya Ruvuma, kwa sababu mto wetu, kama mnavyojua, unahama. Lakini watu hawakukaa walipopangwa. Ng'ambo kulikuwa na kazi za lazima, na baadaye pamba ya lazima, kwa hiyo walivuka kuja huku kwa maelfu, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika mpaka Tanga. Huko waliitwa Wamawia. Watoto wao na wajukuu wao ndio baadhi yenu mnaosoma hapa, msijifanye.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita ikaanza Septemba 1964, na ndiyo vita iliyomvusha bibi. Mwezi Julai wa mwaka huo huo, kule Cairo, marais wa Afrika walikubaliana kwamba mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe, na aliyelisimamia azimio lile ni Nyerere wetu. Kwa hiyo karatasi ya 1919, iliyotoka kwa watu wasioijua Kionga, ikapigwa muhuri na sisi wenyewe. Nimejaribu kukasirika juu ya hili nikashindwa. Hebu fikirini mngeanza kufungua: Kionga, halafu Nyasa, halafu Kilimanjaro, halafu pwani ya Mombasa iliyokuwa ya Sultani. Tusingelala. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Kionga ikawa ya Msumbiji, na kati ya serikali hizi mbili hakuna anayebisha.

Na kama mnadhani haya ni mambo ya zamani tu, tarehe 28 Desemba 1988 Tanzania na Msumbiji zilitia sahihi mpaka wa baharini. Mstari ule unaanzia kwenye mdomo wa Ruvuma. Miaka ishirini na kitu baadaye, kuanzia 2010, ikagundulika gesi nyingi ajabu baharini mbele ya Palma. Kama ule mstari wa Mjerumani ungebaki, mpaka wetu wa pwani ungeanzia kama kilomita 20 kusini zaidi, na mstari wa baharini ungeshuka nao. Mshikaji wangu wa jiolojia alipiga mahesabu kwenye kitambaa cha karatasi pale kantini akaanza kuhema. Nikamwambia tulia, ungekuwa na gesi hiyo na bado usingekuwa na boom.

Haya. Nikawa na karatasi zote, nimeziandika kwenye daftari kwa mpangilio, najiona profesa. Halafu nikagundua kwamba hakuna hata moja inayomsaidia bibi. Zote zinasema Kionga ni ya serikali gani. Hakuna inayosema minazi ni ya nani. Nikaanza upya, safari hii kwa jamaa wa sheria, block ya jirani, nikawanunulia chipsi.

Na huko ndiko nilikoshangaa zaidi. Msumbiji ardhi yote ni mali ya dola, haiuzwi, imo kwenye katiba yao. Mwananchi anapata haki ya kutumia tu. Msicheke, na huku kwetu sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kwa hiyo baada ya masultani, makampuni, mark milioni 4, mizinga na stempu, ukiuliza kwa lugha ya sheria ni nani anamiliki udongo, upande wa Kilambo na upande wa Kionga, jibu ni moja: siyo anayelima.

Lakini sheria ya ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 ina kifungu ambacho nilitaka kukibusu. Inasema aliyekaa kwenye ardhi kwa kufuata mila za pale ana haki tayari, hata kama hajaandikishwa, na kutokuwa na hati hakumwondolei haki. Na ushahidi wa mdomo wa watu wa jamii ile, wanaume kwa wanawake, unakubalika. Yaani karatasi anayoitafuta bibi haihitajiki. Wanahitajika wazee wawili watatu wenye kumbukumbu na pumzi.

Tatizo ni kwamba haki ile ya kimila ni ya raia wao. Na bibi ni raia wetu.

Nilimpigia Jumapili jioni. Nikamweleza taratibu, kuanzia Sultani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kimya, nikadhani mtandao umekata, nikawa nasema haloo haloo. Akasema nipo.

"Huyo Mjerumani alipanda nini pale?"

"Sijaona bibi. Alipandisha bendera."

"Na Mreno?"

"Alitoa stempu."

Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia mama anamuuliza nyuma kuna nini.

Nikamwambia lile la uraia. Hakucheka tena. Akauliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwambia jamaa wa sheria wana uhakika. Akasema basi shamba liandikwe jina la mtoto wa dada yake, ndivyo lingekwenda hata bila sheria, na kwamba mzee fulani aliyekuwa anacheza naye utotoni yupo hai, yuko Kionga, masikio hayasikii vizuri lakini anakumbuka nani alichimba kisima. Huyo ndiye apelekwe akaseme. Akanitajia na mashahidi wengine wawili, nikaandika kwenye daftari lile lile, chini ya Versailles.

Nilipotaka kukata akasema ngoja. Kuna mnazi mmoja kando ya kisima, mjomba aliupanda siku aliyotolewa ndani yeye bibi, ukawa wake, shamba ni shamba na mnazi ni mnazi. Huo usiandikwe kwa mtu. Niwaambie kule kwamba wakiangua, nazi zake zivushwe.

Nimeshatuma ujumbe. Binamu kajibu kwamba mnazi upo, umeinama lakini unazaa, na kwamba gunia litakuja Kilambo mto ukijaa kidogo.